Misumari yenye kutu na majani ya manjano
Wapo wakulima wa bustani na mizabibu wanaoamini kwamba mmea ukigeuka manjano, udongo wake hauna chuma, na kwamba kufukia misumari yenye kutu shinani kutauponya. Dhana hiyo inaeleweka, kwani ni kweli mmea huhitaji chuma ili kutengeneza rangi ya kijani ya majani.

Hata hivyo, udongo mwekundu hupata rangi yake kutokana na chuma kilichoungana na oksijeni, sawa na kile kilichomo katika kutu. Kwa kawaida tatizo ni kwamba chuma hicho hakiyeyuki katika maji, hasa pale udongo unapokuwa na chokaa na pH yake (kipimo cha asidi, ambapo namba kubwa ina maana asidi ni kidogo) kupita 7.5 hivi. Mizizi nayo haikai bure: ya karanga na mizabibu hutoa asidi karibu na ncha zake, kisha hubadilisha chuma kiwe cha aina inayofyonzeka, ilhali ya mtama, uwele na mahindi hutoa kemikali zinazokinasa chuma na kuingia nacho mzizini. Chokaa ikizidi, hubatilisha nguvu ya asidi hiyo, na msumari hauongezi ila kutu nyingine isiyoyeyuka.

Chunguza kwanza jani lenyewe. Upungufu wa chuma huanzia kwenye majani machanga, mishipa ikibaki kijani. Manjano inayoanzia majani ya chini, yaliyozeeka, mara nyingi huashiria upungufu wa naitrojeni. Kisha dondoshea siki kwenye udongo mkavu: ukitoa mapovu, una chokaa.