BLOB na CLOB: mizigo mikubwa ndani ya hifadhidata

Jedwali la hifadhidata limezoea vitu vidogo: jina, namba ya simu, tarehe, kiasi cha pesa. Kisha anatokea bosi anayetaka picha ya kila mteja iwekwe humo humo, pamoja na mkataba wake wa kurasa 40.

Kwa kazi hiyo kuna BLOB (binary large object), aina ya data inayopokea baiti zozote, iwe picha, sauti au PDF, bila kujali zina maana gani. CLOB (character large object) ni ya maandishi marefu. Hapo hifadhidata inajua kwamba inashika herufi na inafuata usimbaji wake (namna ya kuandika herufi kama baiti), kama UTF-8, ndiyo maana unaweza kutafuta neno ndani yake. Kati ya programu za hifadhidata, Oracle hutumia jina CLOB. PostgreSQL na MySQL zina TEXT.

Wengi hudhani mzigo unakaa ndani ya mstari wenyewe. Mara nyingi sivyo. PostgreSQL hupanga data katika kurasa za kilobaiti 8, na mstari hauruhusiwi kuvuka ukurasa. Mstari ukizidi takriban kilobaiti 2, utaratibu uitwao TOAST hubana thamani kubwa, na ikibidi huikata vipande na kuvihamishia jedwali la pembeni. Mstari unabaki na kielekezi tu, kama abiria wa basi aliyeshika risiti huku sanduku lake liko kwenye buti. Ndiyo sababu SELECT *, amri ya kuleta safu zote, ni uzembe hapa: ulitaka majina ya abiria, umeshusha buti zima.

MySQL ina mtego wake. BLOB ya kawaida hubeba baiti 65,535 tu, na picha ya simu ya leo haingii humo. MEDIUMBLOB hufika megabaiti 16, LONGBLOB gigabaiti 4. Ukizima ukaguzi mkali, data inayozidi hukatwa kwa onyo tu, nawe utakuja kufungua nusu ya sura ya mteja.

Je, kwa nini usiweke faili kwenye diski na kuhifadhi anwani yake tu? Mwaka 2006 watafiti wa Microsoft walipima kwa SQL Server (hifadhidata yao) na NTFS (mfumo wa faili wa Windows): chini ya kilobaiti 256 hifadhidata ilishinda, zaidi ya megabaiti 1 mfumo wa faili ukashinda. Vipimo hivyo vimezeeka, lakini mwelekeo bado naufuata. Video siziweki kabisa ndani ya hifadhidata. Zinanenepesha nakala rudufu. Ila faili za nje zina udhia wao: mstari ukifutwa, faili hubaki yatima. Hata "large object" za PostgreSQL, mizigo inayowekwa kando huku mstari ukishika namba yake tu, zina tabia hiyo hiyo, na kuna programu maalumu ya kuzifagia, vacuumlo.