Wati 3,000 za kwenye boksi: dhana potofu kuhusu amplifaya na DAC

Ukiingia duka la redio Kariakoo, hujauliza bei tayari umeshatajiwa wati. "Bosi, hii elfu tatu hii, inapasua ukuta." Boksi nalo linamuunga mkono muuzaji: 3000W kwa maandishi makubwa, halafu pembeni, kwa herufi za kutafutwa na miwani, PMPO. Mtu anatoa hela yake ya mchezo, anafika Tabata, anapata kelele badala ya muziki. Sasa anaambiwa kilichopungua ni DAC, kile kigeuzi cha sauti ya dijitali.

"Wati nyingi ndiyo sauti nzuri"

PMPO, eti nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua, haina kipimo kilichokubalika. Kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Isipoandikwa, geuza mashine usome kibati cha nyuma, pale panapotajwa umeme inaokula. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa 3,000 mbele. Hata hizo 60, nyingine zinaishia kuwa joto.

Tena sikio halihesabu wati kama duka linavyohesabu. Kutoka wati 50 kwenda 100 umeongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, unasikia tofauti lakini hushtuki. Ili sauti uione imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo angalia spika kwanza: yenye desibeli 91 kwa wati 1, umbali wa mita 1, ikisukumwa na wati 25 inapiga sawa na ya desibeli 88 inayosukumwa na wati 50. Kwa usikilizaji wa kawaida sebuleni, muda mwingi unatumia wati chache mno.

"Amplifaya kubwa itaunguza spika"

Inaweza, ukiwa mkorofi wa volyumu. Lakini spika nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa na twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) iliyoungua huenda zimeunguzwa na amplifaya ndogo iliyokamuliwa. Ikifika mwisho wa uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na mawimbi yaliyokatwa hupeleka nguvu ya ziada kwenye twita, ambayo ndiyo nyonge kuliko wote. Ukisikia sauti imeanza kukwaruza, shusha. Usingoje harufu.

Angalia na omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Spika mbili za omu 8 ukizifunga sambamba kwenye tundu moja zinakuwa omu 4. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake wa chini ni omu 6 inaweza kuchemka, au kujizima katikati ya wimbo.

"Mtumba wa Japani ni chomeka tu"

Amplifaya za zamani za Japani ni mashine za kuaminika, na mimi ningezichagua kabla ya hom thieta mpya ya plastiki. Ila zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe ni za volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja, fyuzi ikikuhurumia utashukuru. Isipokuhurumia, transfoma imekwenda. Nyuma pameandikwa AC 100V, au kama una bahati pana kiswichi cha kuchagua volti. Vinginevyo nunua transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi ule mashine inaokula.

"Bila DAC sauti ya dijitali haina uhai"

DAC ni kile kigeuzi kinachobadili namba za dijitali kuwa umeme wa sauti. Unacho tayari: kimo ndani ya simu, laptopu, TV na deki. Swali ni kama hicho ulichonacho kina kasoro inayosikika.

Wanaouza vya bei mbaya hupenda kuchora wimbi la sauti lenye umbo la ngazi na kudai CD inakata muziki vipandevipande. Hesabu za Nyquist na Shannon, wataalamu wa mawasiliano, zilishamaliza ubishi huo: sampuli za CD za kilohetzi 44.1, yaani sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, zinabeba sauti yote hadi kilohetzi 22, na sikio la binadamu linaishia karibu 20, la mtu mzima chini ya hapo. Biti 16 za CD zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kimya na kishindo. Ondoa feni na bodaboda za nje, uone zimebaki ngapi.

Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran wa Marekani walichapisha jaribio ambapo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha sauti ya ubora uliozidi CD na ile ile iliyopitishwa kwenye kiwango cha CD. Walipatia karibu nusu ya mara, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha majaribio mengi ya aina hiyo akakuta wasikilizaji walipatia asilimia 52.3. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kuistahilia mkopo. Na wimbo wa WhatsApp uliobanwa mara tatu, DAC ya milioni haiurudishii kilichotupwa.

DAC ya nje ina kazi halali mbili tatu. Laptopu inayonguruma au kuzomea kwenye spika inaweza kuponywa nayo. TV mpya nyingi hazina tundu la hedifoni, zina optiko na HDMI, na amplifaya yako ya zamani inataka zile jeki nyekundu na nyeupe. Hapo DAC ndogo ya bei poa inatosha. Ikikaa kimya, usiirudishe dukani bado: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, toa Dolby, weka PCM.

"Nyepesi ni feki"

Uzito ulikuwa kipimo zamani, kwa sababu ya transfoma. Amplifaya za daraja D, aina ya kisasa iliyo nyepesi, hutumia vizuri kama asilimia 90 ya umeme na hazichemki ovyo, jambo la maana kwa joto la Dar. Nyingi za vile vidogo zinatumia DC, volti 12 hadi 24. Umeme ukikatika unafunga kwenye betri ya sola. Kwa volti 12 na spika za omu 8 utapata kama wati 8 kila upande, na muziki unaendelea.

"Nunua waya wa dhahabu"

Shaba ya milimita za mraba 2.5 inatosha sebule yoyote. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyofunikwa shaba kwa juu.

Hela iliyobaki ipeleke kwenye chumba. Vigae chini, jipsamu juu, vioo vya alumini pembeni: sauti inadunda kila upande na maneno ya mwimbaji hayaeleweki. Zulia nene na mapazia mazito yatasikika kuliko DAC yoyote. Toa spika kabatini, twita ziwe usawa wa masikio, umbali kati yao ukaribiane na umbali wako kutoka kwa kila moja. Besi ikipotea baada ya kuzihamisha, huenda hasi na chanya za spika moja zimepishana. Geuza waya wa spika moja tu.