Kabla ya asilimia ya ufaulu, hesabu watoto kwanza

Mimi ni mthibiti ubora wa shule, zamani mlituita wakaguzi, na matokeo yakitoka simu yangu haipumziki, ndugu jamaa wote swali moja tu, shule gani imeongoza. Januari 2023 NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza zile shule kumi bora, wengi wakalalamika wazazi wamenyimwa taarifa. Mi niliunga mkono, ila shida imebaki palepale, iko kwenye asilimia yenyewe.

Chukua darasa la saba lina watoto 50, wakifaulu 30 ni asilimia 60. Sasa mwalimu mkuu akiwachuja 10 anaoona hawatoboi, huyu akariri darasa, yule aandikwe mtoro, wakabaki 40 na wakafaulu walewale 30, shule imepanda mpaka asilimia 75! Na hakuna aliyefundishwa hata herufi moja ya ziada.

Sio stori. Form Four 2012 karibu asilimia 60 walipata daraja sifuri, yaani walifeli, nchi ikatikisika, matokeo yakafutwa 2013 yakapangwa upya, na mwaka huohuo ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zikaanza kupangwa nafasi kiwilaya na kitaifa. Watafiti waliofuatilia wakakuta shule za mkiani zilipandisha ufaulu kweli, ila pia zilipeleka watoto wachache zaidi kwenye mtihani.

Kuna shule niliingia, inasifiwa wilaya nzima, nikaomba rejista ya la sita ya mwaka uliopita nikaiweka pembeni ya orodha ya watahiniwa. Majina 9 hayapo. Binti mmoja ana vema mfululizo mpaka Novemba, Januari peni nyekundu, "mtoro". Kwao ni nyuma ya shule tu, nikamkuta anapepeta mchele, akasema mwalimu alimwambia apumzike kwanza. Iliniuma sana.

Simbebeshi mwalimu mkuu lawama zote, anasimamishwa kikaoni mbele ya wenzake kwa hiyo asilimia, cheo chake kiko hapo. Ndo maana nasema tubadilishe hesabu: tugawanye kwa walioandikishwa la kwanza, tukitoa waliohama kihalali tu. Na mtihani wa darasa la nne si tunao, kila mtoto ana PREM namba yake, ile namba ya utambulisho wa mwanafunzi, linganisha la nne na la saba uone mwalimu wa kijijini aliyemtoa mtoto E akamfikisha C, huyo kwenye kumi bora hajawahi kutajwa.

Kama uko kamati ya shule, kikao kijacho omba rejista mbili, ya la sita na ya la saba, mzisome jina kwa jina.