Kifaa saidizi ni nini, na mpango wa umma wa kukitoa maana yake nini?

Pale Mwanga, mjini Kigoma, fundi baiskeli wangu ametundika kiti mwendo kwenye msumari, juu ya rundo la tairi chakavu. Nyuma kina magurudumu yote mawili, mbele kimebaki na moja. Nilimuuliza ni cha nani.

"Mwenyewe tulimzika mwaka jana, mwalimu," alinijibu huku akikaza spoku. "Wanawe wamekileta hapa, hawana pa kukipeleka."

Nikajaribu kumsaidia kuwaza. Aliyekitoa ni mfadhili aliyepita siku moja, picha zikapigwa, akaondoka. Zahanati ya jirani haina daftari la kupokea kiti kilichotumika. Kukiuza kama chuma chakavu, watoto wa marehemu wameona haya. Basi kimebaki msumarini. Swali la kiti hicho kipelekwe wapi linaieleza dhana ninayotaka kuisema kuliko maelezo mengi niliyowahi kuyasikia ukumbini, kwa hiyo tutalirudia.

Tuanze na jina. Maofisini wanasema vifaa saidizi, au teknolojia saidizi wakitaka kujumlisha na huduma zinazoambatana navyo. Zamani kidogo barua za serikali ziliandika "nyenzo za kujimudu", na mimi bado nalipenda jina hilo, maana kujimudu ndiyo kazi yenyewe. Maana ni hii: chochote anachokitumia mtu ili afanye jambo ambalo macho, masikio, viungo au kumbukumbu yake isingemruhusu kulifanya, au ingemchosha mno. Neno teknolojia limewatisha wengi, wakadhani ni lazima kuwe na nyaya. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa 50 vya kupewa kipaumbele, na humo utakuta fimbo nyeupe, magongo, miwani, shimesikio (kifaa cha kumkuzia sauti asiyesikia vizuri), kiti cha kuogea, saa inayotamka wakati, kisanduku cha kupangia vidonge, nepi za watu wazima, mto wa kukalia, ubao wa picha wa kuwasilianishia, hata reli ya kushikia ukutani. Anayeisoma makala hii kwa miwani naye ni mtumiaji wa kifaa saidizi, ila hakuna anayemwita mlemavu.

Kwa nini basi iwe kazi ya umma? Miwani ya kusomea unaipata sokoni Mwanga ukiwa na pesa kidogo. Shimesikio hulipati, wala mguu bandia, kwa sababu wanunuzi wametawanyika mkoa mzima, kutoka Kakonko hadi Uvinza na wengi wao ndio wasio na kipato. Mfanyabiashara hawezi kuweka rafuni mali ya namna hiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Pengo la ukubwa huo halizibwi na duka.

Kisheria nasi tumeshajifunga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Mkataba huo unazitaka nchi zirahisishe upatikanaji wa vifaa vya kutembelea kwa gharama ambayo mtu ataimudu. Sheria yetu nayo ilianzisha mfuko wa taifa na baraza la ushauri, ikataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kushuka hadi kijijini na mtaani. Kodi nayo imeguswa: Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014 inavisamehe vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa wenye mahitaji maalumu.

Sasa tuje kwenye neno "mpango", ambalo ndilo linalochanganywa na neno "msaada". Mnazijua sherehe zenyewe. Turubai, spika mbili, mgeni rasmi, viti thelathini vipya vimepangwa mstari huku nailoni bado imefunika sehemu za kuegemezea mikono. Majina yanaitwa, watu wanakalishwa, wanapigiwa makofi. Nimewahi kushika maiki kwenye sherehe moja kama hiyo na sina sababu ya kuicheka; waliopata walipata. Ila viti vyote thelathini vilikuwa saizi moja, na watu thelathini hawawi saizi moja hata siku moja.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutoa viti mwendo katika mazingira kama yetu, lenyewe likaigawa kazi hiyo katika hatua nane. Mtu anapewa rufaa na miadi. Anafanyiwa tathmini: anaishi wapi, choo chake kiko umbali gani, mgongo wake unasimama wenyewe au unahitaji kushikizwa. Kinaandikwa kiti cha aina gani. Fedha inatafutwa, kiti kinaagizwa. Kinaandaliwa. Anakalishwa na kurekebishiwa. Anafundishwa, yeye na anayemhudumia. Mwisho anafuatwa, na kiti kikiharibika kinatengenezwa. Ukihesabu vizuri utaona sherehe ya turubai imefanya hatua mbili, au tatu tukiwa wakarimu.

Kipimo ndicho ninachotaka kukaa nacho kidogo. Kiti cha hospitali cha kawaida kina upana wa kama sentimita 46 mahali pa kukalia. Mtu mwembamba akikaa humo anaegemea upande mmoja, uti wa mgongo unapinda taratibu, mabega yanachoka kwa kuyafuata magurudumu yaliyo mbali. Aliyeumia uti wa mgongo ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu hahisi makalio yake. Akikaa saa sita juu ya kitambaa kilicholegea, ngozi inakufa bila yeye kusikia maumivu, na kidonda cha mgandamizo kikishafika kwenye mfupa kinaweza kuua. Mto mzuri wa sponji ungemwokoa. Katika sherehe ile mito haikuwapo, na hakuna aliyeiulizia, mimi nikiwamo.

Halafu kuna ardhi yetu. Gurudumu dogo la mbele lilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya vigae. Lishushe Kibirizi, ufukweni, kwenye mchanga, au lipeleke kwenye makorongo ya udongo mwekundu baada ya mvua, linazama, na kiti kinampiga mtu mweleka kwa mbele. Ndiyo maana vipo viti vya magurudumu matatu vyenye gurudumu kubwa mbele, na zipo baiskeli za kunyonga kwa mikono kwa safari ndefu. Hata hizo, mpandishe mtu kutoka stesheni hadi Mwanga uone mabega yake. Swali la kwanza la tathmini lingekuwa barabara ya nyumbani kwake inafananaje.

Vifaa vingine vina mitego yao, nitaipitia haraka. Shimesikio hula betri ndogo kama kitufe, na moja hudumu wiki moja au mbili hivi. Anayegawa mashimesikio bila kusema betri zitatoka wapi amegawa mapambo. Mtoto anakua, kipande kinachoingia sikioni kinapwaya, kinaanza kupiga filimbi, naye anakivua. Mguu bandia wa mtoto vilevile hubadilishwa kadiri anavyorefuka, na kikombe kinachoshika kigutu hufinyangwa kwa kufuata kigutu chake mwenyewe, kwa hiyo haurithiwi kama kiatu. Wataalamu wa viungo bandia wanafundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanza 1981 pale hospitali ya KCMC. Ukiwa Buhigwe, huku kwetu Kigoma, Moshi ni mbali. Mwenye ualbino naye anahitaji kofia pana, mafuta ya kukinga jua na mara nyingi lenzi ya kukuzia maandishi. Kasulu wanalielewa hilo, maana shule ya Kabanga imelea watoto wengi wenye ualbino. Kwa wasioona, simu janja ya kawaida tayari ina programu ya kusoma kioo kwa sauti, bure. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukaa naye siku mbili amwelekeze.

Nje ya nchi mfano unaosemwa sana ni wa Marekani, na nautaja kwa sababu moja tu. Mwaka 1988 walitunga sheria ya teknolojia saidizi inayolipatia kila jimbo fedha za kuendesha mpango wake. Mipango hiyo imepewa kazi nne: kuonyesha vifaa ili mtu avione na kuvishika kabla ya kuamua, kuviazimisha, kuvipokea vilivyotumika na kuvirudisha kazini, na kusaidia njia za kuvigharimia. Fedha zao hatuna. Lakini kazi ya pili na ya tatu hazihitaji bajeti ya Marekani. Aliyevunjika mguu kwa bodaboda anahitaji magongo kwa wiki kadhaa tu. Akipona yanawekwa nyuma ya mlango, yanakuwa ya kuangulia maembe. Nina hakika mtaa wangu peke yake una jozi tano za namna hiyo, na wiki hiyohiyo kuna mtu anakatiwa tawi la mti kwapani. Chumba kimoja, daftari moja, mtu mmoja mwenye spana, na kile kiti cha msumarini kingejua kwao.

Anayetafuta kifaa leo mkoani Kigoma au Tabora aanzie wapi? Aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, aandikwe, kisha aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyo ndiye mwenye kazi ya kuwatambua watu wenye ulemavu na kuunganisha maombi yao na hospitali au wafadhili. Vyama vyenyewe, kama vile CHAVITA cha viziwi na TLB cha wasioona, vyote chini ya shirikisho la SHIVYAWATA, mara nyingi hujua mapema kuliko ofisi wapi kifaa kinapatikana. Kwa mtoto, msisahau shule. Tabora ndipo ilipofunguliwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, na walimu wa elimu maalumu wamezoea kuona kifaa gani kinamkaa mtoto na kipi kinamsumbua. Nenda na vipimo vya hospitali ukiweza. Barua inayosema "naomba wilchea" inakupatia wilchea yoyote.

Kuna jambo moja ninalolisikia likikosewa kila mara, hata na viongozi wa mitaa: mkopo wa asilimia mbili. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu uliwekwa kisheria 2018, ukasimamishwa 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Ni mkopo wa biashara, na unarudishwa. Ukiombea bajaji ya kubebea abiria ambayo nawe utaiendesha, sawa, umepiga ndege wawili. Lakini kumwambia mtu asiye na magongo aende akakope ni kumtaka atembee kwanza ndipo apewe miguu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa tena kwa fundi, tyubu yangu imetoboka. Akaja mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa, miguu ya mtoto inaning'inia karibu na magoti yake. Ameambiwa kuna kiti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Mshushe tumwone."

Fundi alikishusha kiti, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chenye grisi, wakamkalisha mtoto. Mtoto alicheka. Pembeni pake pakabaki nafasi ya kukaa mwenzake, na vidole vyake havikufika kwenye rimu. Fundi alimtazama kwa muda, akasema, "Mama, gurudumu la mbele mimi nitalipata. Lakini hiki kitammeza."

Akachukua futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani aliyoiazima kwa jirani, akampima nyonga: sentimita 26. Paja: 34. Goti hadi unyayo: 32. Akaniambia niandike, mwandiko wake haueleweki. Niliandika nyuma ya risiti ya betri, nikaongeza mstari kwamba njia ya nyumbani kwao ni ya mchanga. Mama aliifunga risiti kwenye pindo la kanga, akampandisha mtoto mgongoni, akauliza ustawi wanafungua saa ngapi. Fundi akakirudisha kiti msumarini.