Je, wajua? Kwa nini Athens ilikuwa na mwaka "usio na arkoni"

Waathens wa kale waliuita mwaka wa 404/403 KK kwa neno moja: anarchia. Anayelisoma leo huwaza fujo mitaani na serikali kusambaratika. Misukosuko ilikuwepo kweli. Athens ilikuwa imetoka kushindwa vita na Sparta, na watu thelathini walishika madaraka na kuua wapinzani wao kwa mamia. Hata hivyo, jina la mwaka halikutokana na mauaji hayo. Lilikuwa na maana ya kiofisi kabisa: mwaka huu hauna arkoni, yaani afisa wa mwaka mmoja ambaye mwaka uliitwa kwa jina lake.

Cha ajabu ni kwamba arkoni alikuwepo. Aliitwa Pythodoros. Mwanahistoria Xenophon, aliyeishi wakati huo, anaeleza kwamba kwa kuwa Pythodoros aliwekwa na utawala wa wachache, Waathens hawakukubali kuuita mwaka kwa jina lake. Demokrasia iliporudi, alihesabiwa kama hakuwahi kukaa kwenye kiti.

Ili kuelewa kwa nini jina la mtu mmoja lilikuwa na uzito huo, lazima kwanza tuweke kando maelezo yanayorudiwa mara nyingi, kwamba arkoni alikuwa "mtawala wa Athens". Kwa asili ya neno si kosa. Kitenzi archein kina maana ya kuanza na pia kutawala, na archon ni "anayetawala". Lakini ukimchukulia arkoni wa karne ya tano KK kama rais au waziri mkuu, karibu kila habari ya Athens utaisoma vibaya. Perikles, mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote katika mji huo, hakuwahi kuwa arkoni hata siku moja. Yeye alikuwa strategos, yaani jemadari, cheo cha kuchaguliwa ambacho mtu aliweza kukishika mwaka baada ya mwaka.

Mapokeo yanasema zamani walikuwepo wafalme, kisha maarkoni wa maisha, kisha wa miaka kumi, na kuanzia mwaka 682 KK hivi wa mwaka mmoja mmoja. Hatua hizo za mwanzo tunazijua kupitia waandishi wa karne nyingi baadaye, kwa hiyo zichukuliwe kwa tahadhari. Kilicho wazi zaidi ni kwamba kazi iligawanywa kwa watu tisa. Mmoja aliitwa arkoni tu, bila nyongeza. Wa pili aliitwa basileus, yaani "mfalme", lakini kazi yake ilikuwa ibada za dola na kesi za mauaji na za kukosea miungu. Ndiyo maana shauri la mwanafalsafa Sokrates mwaka 399 KK lilianzia mezani kwake. Wa tatu, polemarchos, mwanzoni alikuwa mkuu wa vita, na Kallimachos aliyeshika cheo hicho alikufa kwenye mapigano ya Marathon mwaka 490 KK. Baadaye kazi kubwa ya polemarchos ikawa kesi za wageni wakazi. Sita waliobaki, thesmothetai, walipanga tarehe na ratiba za mahakama.

Nguvu ya vyeo hivi ilishuka sana mwaka 487 KK, maarkoni walipoanza kupatikana kwa bahati nasibu kati ya watu walioteuliwa kwanza na mitaa yao. Maharage yalitumika kwenye bahati nasibu za namna hii: aliyetoa jeupe amepata, aliyetoa jeusi amekosa. Hapo ndipo mjanja wa siasa alipoacha kuutaka uarkoni, kwa sababu hakuna kampeni inayoweza kushawishi harage. Watu wenye malengo makubwa wakahamia kwenye ujemadari.

Aliyebahatika hakuanza kazi hivihivi. Maelezo yamo katika kitabu cha katiba ya Waathens kutoka shule ya Aristotle, kilichopatikana kwenye mafunjo huko Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Mteule aliulizwa: baba yako ni nani, na wa mtaa gani? Babu yako je? Mama yako, na baba yake mama? Makaburi ya ukoo wako yako wapi? Je, unawatendea wema wazazi wako? Unalipa kodi? Umekwenda vitani ulipoitwa? Mashahidi waliitwa, kisha swali likaulizwa hadharani kama yupo wa kumshtaki. Akipita, alipanda juu ya jiwe mbele ya ukumbi wa basileus na kuapa kutawala kwa haki na kutopokea zawadi. Akizipokea, atatoa sanamu ya dhahabu. Jiwe hilo lilifukuliwa mwaka 1970 kwenye Agora, uwanja mkuu wa mji wa kale.

Sasa kuhusu mwaka. Athens haikuwa na namba za miaka. Mwaka ulijulikana kwa jina la yule arkoni wa kwanza, asiye na nyongeza: "Solon akiwa arkoni", "Eukleides akiwa arkoni". Ni kama mzee anayesema mtoto wake alizaliwa mwaka wa Elnino: ukiwa wa hapo unaelewa mara moja, usipokuwa wa hapo inabidi uulize Elnino ilikuwa lini. Tofauti ni kwamba kwa Waathens kila mwaka, bila kuruka hata mmoja, ulihitaji jina la namna hiyo. Mkataba wa mkopo, amri ya bunge, hesabu za hekalu, vyote vilifungwa kwenye jina.

Mwaka wenyewe ulianza katikati ya kiangazi, katika mwezi wa Hekatombaion. Ndiyo sababu wanahistoria huandika 594/593 KK kwa mwaka wa Solon: nusu yake imo kwenye mwaka wetu mmoja, nusu kwenye mwingine. Anayeandika 594 peke yake anaweza kulisogeza tukio la majira ya baridi kwa mwaka mzima.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba jina peke yake halionyeshi umbali. Kujua kati ya arkoni fulani na mwingine imepita miaka mingapi, unahitaji orodha kamili kwa mpangilio. Kwenye miaka ya 420 KK hivi, orodha hiyo ilichongwa kwenye mawe na kuwekwa Agora. Vimebaki vipande. Kimoja, kilichochapishwa mwaka 1939, kina majina yaliyokatika pembeni, yakifuatana chini kwa chini: ...ippia..., ...leisthen..., ...iltiades. La mwisho ni Miltiades, na mwandishi mwingine wa kale anatupa mwaka wake: 524/523. Ukishapata nanga hiyo moja, unapanda mstari mmoja juu kwa kila mwaka. Kleisthenes anaangukia 525/524, Hippias 526/525.

Herufi hizo chache zilisahihisha historia. Mwanahistoria wa kale Herodotos aliandika kwamba ukoo wa Kleisthenes ulikuwa uhamishoni kipindi chote cha udikteta wa Peisistratos na wanawe. Jiwe linaonyesha Kleisthenes, ambaye baadaye angeweka misingi ya demokrasia, akishika cheo cha juu chini ya Hippias, mwana wa dikteta.

Kwa miaka ya 480 hadi 302 KK kazi ni rahisi, maana mwanahistoria wa kale Diodoros wa Sisilia aliwataja maarkoni karibu wote kwa mfuatano. Hata hapo kuna mitego. Majina hujirudia: alikuwepo Pythodoros arkoni mwaka 432/431, vita vikubwa na Sparta vilipoanza, na huyu mwingine aliyefutwa mwaka 404/403. Karne ya tatu KK ndiyo ngumu zaidi, orodha ina mapengo na wataalamu bado wanawasogeza watu mwaka mmoja huku au kule. Mwaka 1898 mwanahistoria William Scott Ferguson aligundua kwamba makatibu wa baraza walizungushwa kwa zamu ya makabila ya mji, kwa mpangilio rasmi. Amri ikitaja arkoni na katibu wake, kabila la katibu linaonyesha mwaka huo unaweza kukaa wapi kwenye mzunguko.

Baada ya uhuru wa Athens kwisha, cheo kilibaki kama heshima. Hadrian alikuwa arkoni mwaka 111/112 BK, kabla ya kuwa kaisari wa Roma. Neno lenyewe likaendelea kutumika kwa maana yake pana. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, Nikodemo "mkuu wa Wayahudi" ni archon, na shetani anayeitwa "mkuu wa ulimwengu huu" katika Injili ya Yohana ni archon vilevile. Hadi leo Patriaki wa Konstantinopoli huwatunukia cheo cha arkoni waumini wasio makasisi waliolitumikia kanisa, na huko Kastoria, kaskazini mwa Ugiriki, nyumba kubwa za matajiri wa zamani wa biashara ya manyoya huitwa archontika.