Rafu ya Kuumiza na Adhabu Yake: Yanayoaminika Jukwaani na Yaliyomo Sheriani

Tarehe 23 Februari 2008, mechi kati ya Birmingham City na Arsenal ilikuwa haijafika hata dakika ya tano pale beki Martin Taylor alipomvaa Eduardo da Silva kwa daluga, mguu wa kushoto wa mshambuliaji huyo ukavunjika na kifundo kikateguka. Taylor alioneshwa kadi nyekundu, akafungiwa mechi 3. Eduardo alikaa nje karibu mwaka mzima. Kocha Arsène Wenger, akiwa bado na hasira, alisema beki huyo hapaswi kucheza soka tena, kisha akayafuta maneno yake na kukiri kwamba alikuwa amepitiliza. Kati ya mechi 3 na maisha yote kuna umbali mkubwa, na ndani ya umbali huo ndimo wengi wetu tunamopotea, kwa sababu tunaipima adhabu kwa vigezo ambavyo sheria ya soka haivitambui.

Dhana: “Aligusa mpira kwanza, kwa hiyo si rafu”

Hakuna hoja inayorudiwa kwenye vibanda umiza kuliko hii, na hakuna iliyo dhaifu kuliko hii. Sheria ya 12 ya soka, inayohusu faulo na utovu wa nidhamu, haina kipengele kinachomsamehe mchezaji kwa kuuwahi mpira. Inachosema ni kwamba anayemrukia mpinzani wakati wa kugombea mpira, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au yote miwili, akatumia nguvu kupita kiasi au akahatarisha usalama wa mwenzake, ametenda rafu mbaya na anatolewa nje. Unyayo unaweza kuugusa mpira, kisha ukaendelea kwa kasi ileile hadi kwenye ugoko wa mtu, na hapo kinachohukumiwa ni namna mwili ulivyoingia: urefu wa mguu kutoka ardhini, kasi, njumu zilizoelekezwa mbele, na kama mchezaji alikuwa bado na uwezo wa kujizuia.

Dhana: “Hakukusudia, asionewe”

Zamani nia ilikuwa na nafasi kubwa katika maandishi ya sheria, lakini mwaka 1995 kipimo hicho kiliondolewa na mahali pake pakawekwa ngazi tatu ambazo refa anaweza kuziona kwa macho. Ngazi ya kwanza ni uzembe, ambao adhabu yake ni faulo tu. Ya pili ni kutojali hatari inayomkabili mpinzani, ambayo huleta kadi ya njano. Ya tatu ni nguvu kupita kiasi, nayo huleta nyekundu. Mabadiliko hayo yalikuwa ya busara, kwa kuwa refa anayekimbia mita 20 nyuma ya tukio hana njia ya kuingia moyoni mwa mchezaji, na mchezaji aliyekusudia kweli ndiye huwa wa kwanza kuinua mikono na kuapa kwamba ameteleza. Waliomfahamu Taylor walimweleza kuwa mtu mpole. Ninaamini hivyo, lakini upole wake haukupunguza uzito wa njumu zake, na kadi nyekundu aliyopewa ilikuwa halali.

Hata hivyo, nia haijafutwa kabisa katika soka, bali imehamishiwa mahali pengine: haina kazi kwenye uamuzi wa kadi, lakini ina kazi kubwa pale kamati ya nidhamu inapokaa kupanga urefu wa kifungo. Tarehe 21 Aprili 2001, Roy Keane wa Manchester United alimpiga kwenye goti Alf-Inge Haaland wa Manchester City, baba yake Erling Haaland tunayemwona leo, akatolewa nje, akafungiwa mechi 3 na kutozwa faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata Keane mwenyewe aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba alikuwa amesubiri muda mrefu ili alipize kisasi, na Chama cha Soka cha England, FA, kikamwongezea mechi 5 na faini ya pauni 150,000. Kitendo kilikuwa kilekile, picha za televisheni zilikuwa zilezile, ila sasa nia ilikuwa imekiriwa kwa maandishi.

Na hapa pana jambo lingine ambalo wengi hulirudia bila kulichunguza, kwamba rafu ile ndiyo iliyomaliza maisha ya soka ya Haaland. Keane alimpiga kwenye goti la kulia, na Haaland aliimaliza mechi hiyo. Goti lililomsumbua hadi akaacha kucheza lilikuwa la kushoto, ambalo lilikuwa na matatizo tangu kabla. Kosa la Keane halihitaji kuongezewa chumvi ili lionekane baya.

Dhana: “Aliyeumiza akae nje mpaka aliyeumizwa apone”

Hii ndiyo dhana ninayoielewa kuliko zote, maana inatoka kwenye huruma. Inauma kumwona mtu akirudi uwanjani baada ya wiki tatu wakati mwenzake bado anatembelea magongo. Lakini tukiifuata hoja hii hadi mwisho wake, tunaona kwamba haiadhibu kosa, bali inaadhibu bahati.

Tazama matukio mawili. Katika fainali ya Kombe la Dunia jijini Johannesburg, tarehe 11 Julai 2010, Nigel de Jong wa Uholanzi aliinua mguu juu akamkanyaga Xabi Alonso kifuani kwa njumu. Alonso aliinuka akaendelea kucheza, na refa Howard Webb akatoa kadi ya njano. Baadaye Webb alieleza kwamba alikuwa amezibwa asione vizuri, na kwamba kama angeona ingekuwa nyekundu. Kisha nenda Goodison Park, tarehe 3 Novemba 2019. Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kwa nyuma, rafu ya aina inayoonekana karibu kila wikiendi, lakini Gomes alipokuwa akianguka aligongana na Serge Aurier na kifundo chake kikavunjika vibaya kiasi kwamba wachezaji wa timu zote mbili walifunika nyuso zao. Refa Martin Atkinson alianza kwa njano, akabadili kuwa nyekundu. Siku mbili baadaye FA ilikubali rufaa ya Tottenham na kuifuta kadi hiyo. Kwa kipimo cha majeraha, Son alistahili miezi kadhaa na De Jong hakustahili chochote, na sidhani kama kuna mtu aliyeyatazama matukio yote mawili anayeweza kusema hiyo ni haki.

Kuna na ubovu wa kiutendaji. Kifungo kikifungamanishwa na siku ya kupona, daktari wa klabu iliyoumizwa ndiye atakayekuwa hakimu, na klabu itakuwa na sababu ya kuchelewesha kumtangaza mchezaji wake kuwa mzima endapo mpinzani wao anakosa mshambuliaji tegemeo. Ndiyo maana Kanuni za Nidhamu za FIFA hutaja kiwango cha chini, angalau mechi 2 kwa rafu mbaya na angalau mechi 3 kwa kushambulia kama vile kupiga kiwiko, ngumi au teke, kisha zikaiachia kamati nafasi ya kupanda juu kulingana na ubaya wa kitendo. Malalamiko ya haki hapa ni kwamba kamati nyingi hutulia kwenye kiwango cha chini kana kwamba ndicho pekee kilichoandikwa.

Dhana: “Ya uwanjani huishia uwanjani”

Si kweli, ingawa kesi ni chache. Mwaka 1995 mshambuliaji Duncan Ferguson alifungwa gerezani nchini Scotland kwa kumpiga kichwa John McStay wa Raith Rovers katika mechi ya mwaka uliotangulia, kosa ambalo refa hakulitolea hata kadi. Fidia pia ina mlango wake: Gordon Watson wa Bradford City, aliyevunjwa mguu mwaka 1997, aliishtaki klabu ya Huddersfield Town na mchezaji wake kwa uzembe, na mahakama ikampa zaidi ya pauni 900,000. Huko ndiko ukubwa wa jeraha unakostahili kupimwa, kwa sababu fidia humtazama aliyeumia, na kifungo humtazama aliyetenda.

Dhana: “Refa hakuona, basi yamekwisha”

Yaliwahi kwisha hivyo. Tarehe 8 Julai 1982 mjini Sevilla, kipa Harald Schumacher wa Ujerumani Magharibi alimgonga Patrick Battiston wa Ufaransa hadi akazimia na kupoteza meno, na refa akaamuru golikiki. Hakukuwa na faulo wala kadi, na Schumacher akaendelea kudaka hadi timu yake ikashinda kwa penalti. Miaka 12 baadaye, Mauro Tassotti wa Italia alimpiga Luis Enrique wa Hispania kiwiko cha uso katika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Marekani, refa akapitwa, lakini FIFA ilitazama mkanda na kumfungia mechi 8. Hakuichezea Italia tena. Tangu mwaka 2018 VAR, yaani mfumo wa waamuzi wanaomsaidia refa kwa picha za video, imo rasmi ndani ya sheria na inaweza kumrudisha refa kwenye tukio la kadi nyekundu ya moja kwa moja. Pale ambapo mechi huchezwa bila VAR, na viwanja vya namna hiyo bado ni vingi katika ukanda wetu, uwezo wa kamati kutazama picha baada ya mechi ndio kinga pekee ya mchezaji, na haupaswi kuachwa ulale.

Mfano ninaouona kuwa bora zaidi ni wa Ben Thatcher wa Manchester City. Agosti 2006 alimpiga Pedro Mendes wa Portsmouth kiwiko hadi akapoteza fahamu na kuwekewa oksijeni kando ya uwanja. Refa alikuwa ametoa njano, na kwa desturi ya wakati huo jambo lingefungwa hapo. FA ililifungua upya, ikamfungia mechi 8 na kumwekea nyingine 15 ambazo angezitumikia endapo angerudia kosa la aina hiyo ndani ya miaka miwili, huku klabu yake ikiwa imekwisha kumsimamisha na kumkata mshahara wa wiki 6 bila kusubiri kuambiwa na mtu yeyote.