"Prof, ni Mafaili Tu": Dhana Potofu Zinazoangusha Miswada ya Madaktari

Msimu wa kuwasilisha tasnifu ukikaribia, simu yangu haitulii. Anayepiga huwa daktari anayesomea ubingwa hapa Nairobi. Data ameshakusanya, uchambuzi umekamilika, mswada ameshautuma, na jarida limemrudishia na swali moja: nambari ya idhini ya kamati ya maadili ni ipi? Hana. Sasa anataka kujua kamati itakaa lini "impitishie". Nikimwambia haiwezekani, anakuja na lile jibu ambalo naweza kulisema pamoja naye kama kiitikio: "Lakini Prof, hakuna mgonjwa niliyemgusa. Ni mafaili tu."

Nimechoka kulijibu kwa simu. Nimeamua kuliandika, ili safari ijayo nimtumie mtu maandishi haya na mimi nimalizie chai yangu.

Dhana: Utafiti wa mafaili hauhitaji idhini, na hata ukihitaji, idhini inaweza kuombwa baadaye.

Hapa kuna makosa mawili yaliyobebana. Kwanza, utafiti unaotumia rekodi za wagonjwa ni utafiti unaohusu binadamu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataja waziwazi data zinazoweza kumtambulisha mtu, sio mwili wake peke yake. Kwetu Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inadai leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kwa anayefanya utafiti nchini, na NACOSTI hiyohiyo ndiyo inayozipa ithibati kamati za maadili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mgonjwa alimweleza daktari siri zake ili atibiwe. Hakuzitoa ili mtu apate digrii, hata kama digrii hiyo ni jambo jema.

Anayeniambia hakuna madhara, namwomba anifungulie jedwali lake la Excel. Safu ya kwanza: majina matatu ya mgonjwa. Ya pili: nambari ya kitambulisho. Ya tatu: simu ya jamaa wa karibu. Ya tano au ya sita: hali ya VVU. Nauliza nakala ziko ngapi. Moja iko kwenye kipakatalishi kisicho na nywila, kinachopanda matatu na mwenyewe kila jioni. Nyingine anayo kijana aliyesaidia kuingiza data. Ya tatu ilitumwa kwa WhatsApp kwa mtu wa takwimu. Ilhali mafaili yenyewe, yale ya karatasi tunayoyadharau, yako kwenye chumba cha kumbukumbu chenye mlango, kufuli na karani mkali.

Halafu kuna wale wanaofuta majina wakadhani wamemaliza. Ripoti ya mgonjwa mmoja inasema: mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi katika lokesheni fulani, alijifungua mapacha watatu, akagunduliwa kuwa na ugonjwa adimu. Jina halipo, lakini wanakijiji watamjua kabla hawajafika kwenye aya ya pili. Kamati ingeuliza: unahitaji tarehe ya kuzaliwa, au umri unatosha? Lokesheni ya nini, kaunti haitoshi? Nani atashika orodha inayounganisha nambari walizopewa wagonjwa kwenye utafiti na majina yao, na itateketezwa lini? Maswali haya yana faida kabla data haijakusanywa. Baada ya hapo ni gumzo tu.

Ndiyo maana kosa la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Idhini ya kurudi nyuma haipo. Kazi ya kamati ni kupima hatari na kurekebisha mpango, na mpango uliokwisha kutekelezwa haurekebishiki. Anayeninong'oneza "turudishie tarehe tu, Prof" ananiomba nighushi hati. Mambo haya yamewahi kutokea. Mwaka 1996, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulipoikumba Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan katika utafiti wa watoto wapatao 200. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kuwa barua ya idhini ya maadili iliyokuwa ikionyeshwa iliandikwa baada ya majaribio na kupewa tarehe ya nyuma, na kwamba wakati huo hospitali hiyo haikuwa na kamati ya maadili. Mwaka 2009 kampuni ilifikia makubaliano ya dola milioni 75 na serikali ya Jimbo la Kano. Sisemi mafaili yako ya shinikizo la damu ni Trovan. Nasema barua unayoniomba ni ya aina ileile.

Kinachowachanganya wengi ni kusikia kwamba utafiti wa mafaili "husamehewa". Husamehewa nini? Kamati inaweza kusamehe ridhaa: kwamba huna haja ya kuwasaka wagonjwa mia nne waliohama Kayole hadi Kisumu ili watie sahihi, mradi hatari ni ndogo na kuwapata ni kazi isiyowezekana. Lakini anayesamehe ni kamati. Mtafiti hajisamehi. Na kusamehewa ridhaa si kusamehewa mapitio. Cha kusikitisha ni kwamba kazi hizi ndizo rahisi kupitishwa: nyingi hupitia mapitio ya haraka, bila kungoja kikao kizima. Watu wanaukimbia mlango uliofunguliwa.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wanaujua hadi wananitania nao: hata kama unafanya ukaguzi wa huduma wodini na hujui kama utakuja kuandika chochote, iandikie kamati kwanza. Ikijibu kwamba kazi yako haihitaji mapitio, weka barua hiyo. Ni ukurasa mmoja, na mhariri akiuliza unao mkononi. Wewe usijiandikie barua hiyo kichwani mwako.

Dhana: Fomu ya ridhaa ikishatiwa sahihi, mambo yamekwisha.

Mshiriki anaweza kujiondoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yake yasiguswe. Na ukimpa mama aliye katikati ya uchungu fomu ya Kiingereza ya kurasa nane, umepata sahihi, hujapata ridhaa. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, ndipo aweke kidole gumba.

Dhana: Mkuu wa idara lazima awe kwenye orodha ya waandishi.

Hii najua inauma, kwa sababu mkuu huyohuyo ndiye atakayetia sahihi barua yako ya kupandishwa cheo. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne: uwe umechangia kwa kiasi cha maana katika kubuni kazi au katika data zake, uwe umeandika mswada au kuuhakiki kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne, si mawili. Kutoa vitanda au kutafuta fedha peke yake kunastahili shukrani, na sehemu ya shukrani ipo.

Wanaopenda jina la bure wakumbuke Juni 2020. The Lancet na The New England Journal of Medicine yalibatilisha makala mbili kuhusu COVID-19 zilizotegemea data za kampuni ya Surgisphere, baada ya waandishi wenza kushindwa kuzipata data ghafi wazithibitishe. Majina yao yalikuwa yameshachapishwa juu kabisa. Na kwa wanaoniuliza kuhusu programu za akili bandia: haziwezi kuwajibika, kwa hiyo si waandishi. Ukizitumia, sema umezitumiaje.

Dhana: Makala ikibatilishwa, inafutika.

Haifutiki. Hubaki palepale ikiwa imepigwa alama. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, ya watoto 12, iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matubwitubwi na rubela) na usonji, ilibatilishwa mwaka 2010, na mpaka leo akina mama huniuliza habari zake kliniki. Kwa hiyo kagua kila makala unayoinukuu kama bado iko hai.

Dhana: Jarida linalotoza ada ni la kitapeli.

Ada si ushahidi. Majarida mengi mazuri ya ufikiaji huria, yale yanayosomwa bure mtandaoni, hutoza, na baadhi hupunguza au kusamehe ada kwa waandishi wa nchi zetu ukiuliza kabla ya kutuma. Angalia mapitio, yaani kama wataalamu wengine huhakiki makala kabla haijachapishwa. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Basi ukikubaliwa baada ya siku tatu, bila swali hata moja la mhakiki, usifurahi.

Na kama umeshaingia mtegoni? Usilipe, wala usitie sahihi fomu ya haki za uchapishaji. Andika barua pepe ya kuondoa mswada, tunza nakala, kisha ngoja wathibitishe kwa maandishi kabla hujautuma kwingine. Wakigoma au wakidai "ada ya kuondoa", mweleze mhariri wa jarida jipya yote yaliyotokea siku ileile unapotuma, na uambatanishe barua zako. Mimi nikipokea mswada wenye maelezo hayo, nausoma. Usio na maelezo nikakuta nakala yake mtandaoni, naurudisha.